Mota iliyobaki kwenye kiroba

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, giza la Dar halijaamua kama linaondoka au linabaki, nimeketi kwenye gari na mguu wangu haufiki kwenye breki.

Niseme ukweli, ulifika. Kwa ncha ya kidole gumba, nikiwa nimeteleza mpaka usukani unanigusa kidevu. Mwanangu yuko nyuma na yunifomu yake, kisanduku cha chakula mapajani, ananitazama kwenye kioo. Nikabonyeza swichi ya siti iende mbele.

Tik.

Nikabonyeza tena. Tik. Siti haikusogea hata nywele.

Nilirudi ndani nikachukua mito miwili ya kochi, nikaipanga mgongoni, tukaenda shule hivyo hivyo. Sikushauri mtu yeyote afanye nilichofanya. Mto unabonyea, ukikanyaga breki kwa nguvu mgongo unazama nyuma, na mguu unapungukiwa pale pale unapouhitaji. Niliyagundua hayo kwenye mteremko wa kwanza, nyuma ya daladala iliyosimama bila taarifa.

"Mama," mwanangu akasema tulipofika getini, "leo umeendesha kama bibi."

## Shemeji

Gari lilikuwa limerudi Jumapili usiku. Mdogo wake mume wangu aliliazima kwenda harusini Bagamoyo. Ni kijana mzuri, mwenye adabu, analijaza mafuta kabla ya kulirudisha, jambo ambalo ndugu wengi huwa wanalisahau. Ila ana futi sita na ushee. Mimi nina tano na kidogo, na hicho kidogo kinategemea viatu.

Kwa hiyo alifanya ambalo mtu wa futi sita angelifanya: akairudisha siti nyuma mpaka mwisho.

Nikamwandikia WhatsApp: "Shemeji, siti umeifanyaje?"

"Siti? Nimeirudisha nyuma tu shem. Kwani ina nini?"

Nikajibu: "Sawa."

Wanaotufahamu kwenye familia ile wanajua "Sawa" yangu yenye nukta ina uzito gani. Kwa wiki tatu hakuliomba gari tena, na mimi sikumwuliza kwa nini.

## Mhasibu na mita yake

Mimi ni mhasibu. Kazini kwetu namba ikishaandikwa na kusainiwa, maneno yanaisha. Ndiyo maana nilipoamua kulishughulikia tatizo mwenyewe, kitu cha kwanza nilichokifanya ni kwenda Kariakoo kununua mita ya kupimia umeme, ile ya njano yenye nyaya mbili, nyeusi na nyekundu. Elfu thelathini. Nikaangalia video mpaka usiku wa manane.

Nilijifunza kwamba siti ya umeme si kitu kimoja. Kila mwondoko una mota yake: ya kwenda mbele na nyuma, ya kulaza mgongo, ya kunyanyua kikalio kwa mbele, ya kukinyanyua kwa nyuma. Siti yenye miondoko minane huwa na mota nne. Ile ya kusogeza mbele na nyuma hukaa katikati chini ya kikalio, inazungusha vyuma viwili vinavyopindika kama nyaya nene, kimoja kwenda reli ya kushoto, kingine ya kulia. Kimoja kikichakaa ncha, reli moja inakwenda na nyingine inabaki, siti inakaa upande kama mtu aliyelewa.

Yangu haikukaa upande. Hilo nilipaswa kulitafakari.

Nikaanza na fyuzi, kama video zote zinavyosema. Fyuzi ya ampea 30, nzima. Nikapiga magoti na tochi ya simu, nikachungulia chini ya siti. Nilikuta biro, sarafu ya shilingi 500, kibanio cha nywele ambacho nilimgombeza dada wa kazi kwamba amekipoteza, na karanga za enzi zipi sijui. Biro ilikuwa imelala juu ya reli kabisa. Nikashangilia! Nikaitoa, nikabonyeza.

Tik.

Hapo nikafanya kosa la kwanza la gharama. Chini ya siti kulikuwa na plagi ya njano. Ilinizuia kuifikia plagi ya mota, nikaichomoa, ufunguo ukiwa umewashwa. Waliowahi kushika magari wameshatikisa kichwa. Rangi ya njano kwenye nyaya za gari ni onyo: hizo ni za mifuko ya hewa, na siti nyingi zina mfuko wa hewa ubavuni mwa mgongo. Mfuko haukulipuka, Mungu ni mwema. Lakini taa nyekundu ya mifuko ya hewa ikawaka kwenye dashibodi, na niliporudisha plagi ikakataa kuzimika.

Nikaendelea. Nikachomoa plagi ya mota, nikachomeka ncha za mita, nikamwambia mwanangu abonyeze swichi mbele.

Volti 12.4.

Akaachia, sifuri. Akabonyeza, 12.4.

Sikuhitaji maelezo zaidi. Umeme unafika kwenye mota, mota haizunguki, basi mota imekufa. Nikaifunga hesabu.

Kesho yake nikapita kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kusomea makosa ya gari, afute ile taa nyekundu. Elfu ishirini, dakika tano. Nikamweleza na habari ya siti. Hakuinama. "Mota hiyo dada," akasema, akiwa tayari anazungusha waya wa mashine yake.

Sasa tulikuwa wawili tunaokubaliana. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea.

Elfu tisini. Muuza spea aliitoa kwenye rundo la mota zenzake, akaigusisha kwenye betri iliyokuwa sakafuni, ikaimba. Akageuza nyaya, ikaimba kwa kurudi. "Unaona dada? Nzima." Nikalipa, akanitilia kwenye kiroba.

Nimeifikiria sana ile betri ya sakafuni. Mtu ananionyesha mbele ya macho yangu njia ya kujua mota nzima na mota mbovu, waya mbili na betri, sekunde tatu. Haikunijia hata kidogo kwamba ile niliyoihukumu nyumbani nayo ningeweza kuifanyia hivyo.

## Chini ya mwembe

Kilichonipeleka kwa mzee ni boliti. Siti imeshikwa na boliti nne, mbili mbele na mbili nyuma. Siti ikiwa imegoma huko nyuma, inazikalia zile za nyuma. Huwezi kuitoa mpaka isogee mbele, na haisogei mbele mpaka uitoe ubadilishe mota. Nililizunguka gari siku nzima ya Jumamosi kama paka aliyefungiwa jikoni.

Mzee ana gereji Tegeta, kama unaweza kuiita gereji: mwembe, benchi, maboksi ya mbao na magari matatu ambayo nadhani hayataondoka tena. Ni fundi umeme wa magari tangu zama za Peugeot 504.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Ina nini?"

Nikamweleza kwa ufasaha wote. Fyuzi nzima, volti 12.4, mota imekufa, hii hapa nyingine, naomba unifungie tu. Nikamwonyesha kiroba. Hakukifungua. Akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye video.

"Mgongo je? Unalala?"

"Unalala. Ila taratibu."

"Zamani ulikuwa taratibu hivyo?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Na kunyanyuka juu je?"

"Hiyo sijawahi kuigusa mzee."

Akanyamaza. Baadaye nilielewa kwamba pale ndipo alipojua, kabla hajashika chochote. Mota moja ikifa, inakufa peke yake. Mota mbili zikilegea wiki moja, si ajali. Kuna kitu wanachokula pamoja kilichopungua. Swichi ya siti yangu imechongwa kwa umbo la siti yenyewe, kipande cha kulala cha kikalio na kipande cha kusimama cha mgongo. (Mercedes-Benz waliweka swichi ya namna hiyo mlangoni kwenye S-Class ya W126, iliyotoka mwaka 1979, na mpaka leo sijaona njia rahisi zaidi ya kumweleza mtu kitu bila maneno.) Nilikuwa na mchoro mzima wa siti chini ya vidole vyangu, nikabonyeza sehemu moja tu.

"Washa taa ya ndani," mzee akasema.

Nikawasha ile taa ndogo ya darini.

"Bonyeza siti mbele, halafu itazame taa."

Tik. Taa haikutikisika.

"Mota ikikwama, biro imeingia au gia imeng'ata, inavuta umeme mwingi kuliko ikizunguka. Taa ingepungua. Hii haijapungua. Maana yake hakuna cha maana kinachovutwa." Akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya nyanya.

Akamwita kijana mmoja alete betri ya bodaboda. Akalala chini, akachomoa plagi ya mota, akagusisha nyaya mbili zenye fyuzi katikati.

Siti ikasogea.

Ikasogea mbele, laini, bila kelele, mimi nikiwa nimeikalia, mpaka magoti yangu yakagusa dashibodi. Akageuza nyaya, ikarudi. Mota za siti ndivyo zilivyo, ukigeuza umeme zinageuza mwelekeo, na hiyo ndiyo kazi yote ya swichi: ikipumzika inazishika nyaya zote mbili za mota kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia chuma cha gari, ukibonyeza inainua mmoja kuupeleka kwenye moto, upande unaoleta umeme kutoka betrini.

Mimi nilikuwa bado nimepakata kiroba.

## Balbu

"Lakini mzee, mita ilisema 12.4."

"Ilisema kweli."

Akatoa mfukoni balbu ya taa ya mbele, ile ya zamani yenye nyuzi mbili, uzi mmoja umekatika, nyaya zimechomelewa kwa risasi kwenye miguu yake. Watt 55 za uzi uliobaki. Akaichomeka pale pale nilipochomeka mita yangu. "Bonyeza."

Ikawaka nyekundu. Nyekundu ya kaa la mkaa linalokaribia kuwa majivu.

Akautoa mguu mmoja wa balbu, akaugusisha kwenye chuma cha gari alichokikwangua kwa bisibisi. Ikawaka nyeupe mpaka nikafumba macho.

"Moto mzima," akasema. "Ethi mbovu."

Nimekaa na sekunde zile kumi kwa wiki kadhaa. Nilikuwa na chombo cha kisasa chenye namba zenye desimali. Yeye alikuwa na balbu iliyoungua nusu. Na mimi ndiye niliyedanganyika.

Nimelitafuta jibu la kwa nini, kwa sababu sikupenda kuishia kwenye "wazee wanajua". Jibu lenyewe liko kwenye bomba la kwetu. Mnaokaa mitaa yenye mgawo wa maji mnaujua mchezo huu: unaziba mdomo wa bomba kwa kidole, unahisi maji yanasukuma kwa nguvu, unasema leo yapo. Unaweka ndoo, yanatoka kama uzi. Nguvu uliyoihisi haikuwa uongo. Ila ulikuwa hujachota.

Mita haichoti. Imetengenezwa makusudi isichote. Ndani yake kuna ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa omu milioni moja au zaidi, ili isivuruge kile inachokipima. Waya ukiwa umeoza ukabakiwa na unywele mmoja, unywele huo unatosha kabisa kuifikishia mita volti 12.4 zake. Mota haitaki salamu, inataka ampea kadhaa. Na ukinzani wa omu 1 tu njiani, ukipitisha ampea 8, unameza volti 8 kabla mota haijaonja.

Nikamwambia mzee basi mita ni takataka. Akakataa. "Lete." Akaiacha balbu ikiwaka nyekundu, akaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa plagi na nyingine kwenye chuma cha gari. Waya wa ethi na chuma cha gari ni ndugu mmoja. Kati yao panatakiwa pasome karibu na sifuri.

Volti 7 na pointi.

Saba zimeliwa njiani, tano ndizo zilizofika. Hiyo lugha ninaielewa, ndiyo inayonilipa mshahara. Fedha zimetoka, fedha hazijafika, tafuta katikati nani kazila.

"Mita si mbaya," akasema. "Ipe kitu cha kupima."

Kuna jambo jingine nililielewa siku hiyo nikiwa nimechuchumaa pale. Reli za siti hazilali sawasawa, mara nyingi zimeinuka kidogo kwa mbele. Kurudi nyuma ni kuteremka na kwenda mbele ni kupanda mlima, tena na mtu juu yake. Mota iliyokuwa inapata nusu chakula ingeweza kumpeleka shemeji nyuma bila shida, kisha ikashindwa kunirudisha mimi mbele. Yeye hakuvunja kitu. Alikuwa mtu wa mwisho kuitumia siku ilipokuwa bado inajikongoja.

## Kapeti

Siti ikiwa sasa inatii betri ya bodaboda, mzee aliipeleka mbele akalegeza boliti za nyuma, akairudisha akalegeza za mbele. Kisha akafungua kichwa cha hasi cha betri ya gari, akakaa kwenye benchi, akaagiza kahawa.

Nikamwuliza tunasubiri nini. Akaonyesha kwa kidole plagi ya njano.

Gari langu ni Toyota, na vitabu vya Toyota vinasema subiri sekunde 90 baada ya kutoa betri kabla ya kugusa nyaya za mfuko wa hewa, kwa sababu mfumo ule hujiwekea akiba ya umeme wa kuufyatua hata betri ikikatika ajalini. Mzee hakuwa na saa. Alipima kwa kikombe na kashata mbili. Nami nikakumbuka nilivyoing'oa plagi ile kwa mikono yangu, uso wangu ukiwa sentimita chache kutoka kwenye siti.

Wakaitoa. Mzee akaufuata waya mweupe wenye mstari mweusi, rangi ambayo Toyota huitumia kwa ethi, mpaka ulipozama chini ya kapeti karibu na kizingiti cha mlango. Akabandua plastiki ya kizingiti, akainua kapeti.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ile ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo.

Sponji ya chini ya kapeti ilikuwa na maji. Juu palikuwa pakavu, nimepafagia kila wiki, watoto wamepakanyaga. Chini ilikuwa kinamasi. Na pale ethi inapofungwa kwenye sakafu, boliti ilikuwa imevimba kwa kutu, tamino yake, kile kichwa cha waya, imegeuka kijani na nyeupe, unaigusa inamong'onyoka.

"Gari limeingia maji hili," mzee akasema.

Nikataka kusema hapana.

Mwezi wa nne, masika, barabara za Mikocheni. Nilikuwa nimechelewa. Gari la mbele lilipita, nikasema na mimi nitapita. Katikati nikasikia maji yanagonga chini ya milango kama mtu anayepiga hodi, nikaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu nilijua nikisimama ndiyo basi. Nilitoka upande wa pili nikicheka kwa woga. Nyumbani nikakausha kwa taulo palipoonekana. Sikumwambia mume wangu.

Kwa hiyo mharibifu alikuwepo kwenye hadithi hii tangu mwanzo. Alikuwa anaandika "Sawa" yenye nukta.

Marekebisho yenyewe sina mengi ya kuyasema, yalikuwa kazi ya nusu saa. Msasa mpaka chuma king'ae, tamino mpya, boliti mpya, grisi juu yake. Kapeti lilianikwa juani hadi alasiri. Siti ikarudi, plagi ya njano kwanza, betri mwisho. Nikabonyeza. Ikaja mbele kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea.

## Elfu kumi na tano

Hapa ndipo panaponisumbua. Mengine yote ningeweza kuyaacha.

"Ngapi mzee?"

"Arobaini."

Na mimi, mwanamke niliyesoma, niliyefika pale na mota ya elfu tisini ambayo sikuihitaji, nikasema, naikumbuka sentensi yenyewe: "Mzee, kusugua nati tu elfu arobaini?"

Akatazama chini. Tukafika kumi na tano.

Nikaondoka nimefurahi. Furaha ilinifikisha Mwenge, kisha ikaanza kuchacha.

Nimejaribu kujitetea. Kupatana ni utamaduni, arobaini nayo huenda ilikuwa bei ya kuanzia, angeweza kukataa. Yote yanawezekana. Lakini Gerezani nilipatana kidogo sana, na kwa kijana wa mashine sikupatana kabisa. Mashine ilikuwa na kioo na taa. Mota ilikuwa na uzito mkononi. Mzee aliniuza nini? Maswali matatu, balbu iliyoungua nusu, na kujua pa kuinua kapeti. Hakuna kilichotoka hapo ninachoweza kukibeba kwenye kiroba.

Tuna tabia moja, na naamini msomaji unayo: fundi akibadilisha kifaa, tunamwambia atuonyeshe cha zamani. Wengine tunaondoka nacho kabisa. Hatuna kazi nacho, ni risiti tu. Tumeibiwa mara nyingi, tumebambikiwa spea, tumelipia vitu ambavyo havikufungwa, kwa hiyo tumejifunza kuamini chuma. Silaumu hilo, nimeibiwa pia.

Ila fikiria ulivyo upande wa fundi. Akipima kwa saa mbili akakuta waya umelegea, akikaza atalipwa elfu tano na maneno juu. Akisema "mota hiyo dada" bila kuinama, anapata pesa ya kufunga mota, pengine na ya kwake kutoka kwa muuza spea. Mota mpya isipotibu, anasema basi na swichi. Isipotibu, basi na waya wote. Kila hatua mteja anaonyeshwa chuma cha zamani, anaridhika. Tunalalamika mafundi wa siku hizi wanabahatisha. Mafundi wa siku hizi wanauza tunachonunua. Yule kijana hakunidanganya, nadhani. Alinipa jibu la bei niliyokuwa tayari kulipa, na kwa kufikiri nilikuwa tayari kulipa sifuri.

Sijui kama nimemwonea mzee kwa kiasi ninachojisikia. Inawezekana alinisahau jioni ile ile. Lakini alitazama chini, na mimi niliona.

## Jumamosi iliyopita

Shemeji nilimwambia ana kwa ana, kwenye arobaini ya mtoto wa wifi yetu. Nilimweleza mpaka Mikocheni. Alicheka sana, kisha akamwita kaka yake aje asikie habari ya Mikocheni, na hilo nililistahili.

Kisha Jumamosi nikaenda Tegeta. Mzee alikuwa ameingia nusu mwili kwenye boneti ya Noah. Nikamsubiri amalize, nikamsalimia, nikampa elfu ishirini na tano.

"Za nini?"

"Za siku ile mzee. Ya siti."

Akazihesabu, jambo lililonipa raha kuliko angekataa. Akaziweka mfuko wa shati. Nikamwuliza kama ile mota ya kwenye kiroba angeitaka, akasema niiache kwenye boksi, atakuja mwenye shida.

"Inakwenda vizuri?"

"Vizuri sana. Mbele, nyuma, na mgongo umekuwa mwepesi."

"Na kunyanyuka?"

Nikafungua mlango, nikakaa, nikavuta swichi juu. Nikaivuta tena. Hakuna hata tik. Taa ya ndani ilikuwa inawaka, niliitazama, haikutikisika.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Kupima ni elfu ishirini," akasema, ananitazama usoni.

"Leta balbu mzee," nikamwambia.